Dirisha la Behewa

Kwa miaka minne Kitwana, fundi seremala, alitafuta michoro ya behewa la daraja la tatu ambalo marehemu baba yake alilichora katika karakana ya reli. Alitaka kuliunda upya kwa mbao, dogo la kuwekwa mezani, lakini kwa vipimo vya mzee mwenyewe. Hakuachiwa kitu kingine cha mkono wake.

Mwishowe alielekezwa kwa Bi Mwanamkuu, aliyetunza stoo ya karakana hadi ilipofungwa.

"Umechelewa, mwanangu," bibi alimwambia. "Michoro ile ilichorwa juu ya kitambaa, kitani safi. Mwaka ule nguo zilipoadimika tuliichemsha, wino ukatoka, tukawashonea watoto."

"Yote?"

"Yote."

Kitwana aliona uchungu. Kazi ya baba kuishia kwenye karai la sabuni! Neno baya lilikuwa ulimini, lakini bibi alishaingia ndani. Alirudi na kishati cha mtoto mchanga. Kifuani wino ulikuwa umegoma kutoka: dirisha moja la behewa, na chini yake herufi mbili kwa mwandiko wa baba yake, ambao Kitwana asingeweza kuusahau.

"Nipe hiki, bibi. Nakuomba."

"Siwezi. Aliyekivaa hakufikisha mwaka."



"Basi niruhusu nipime tu," Kitwana akasema, akitoa rula.

Bibi alikitandaza kishati mezani, akakishika mabegani taratibu kama anayemvisha mtu, na Kitwana akaanza kupima dirisha.