Ushindi Uliobaki

Siku hizi wanamieleka wastaafu huuza ushindi wao. Ukishauzwa, wote walioushuhudia humkumbuka mnunuzi ulingoni. Muuzaji peke yake ndiye hubaki na ukweli. Kitunda alikuwa amebakiwa na mmoja tu, wa usiku ule aliokutana na Tumsifu, mkewe. Paa lilipozidi kuvuja, akauuza.

Mabati mapya yalipokwisha kupigwa, alimkuta Tumsifu kitandani, amepakata khanga kuukuu.

“Baba Neema, khanga hii nilimfutia jasho yule bwana aliyeshinda,” alisema, akitabasamu peke yake. “Nilikuwa msichana. Sijui yuko wapi siku hizi.”

“Hata mimi sijui, mama,” Kitunda alijibu.

Mvua ikaanza kunyesha, na ndani halikuingia hata tone.