Ngoma ya Kiskoti

Kioko na mkewe walikuwa na miezi kadhaa Doha walipoalikwa na Waingereza wa hospitali ambako mkewe alikuwa muuguzi kwenda kucheza ngoma ya Kiskoti, kwenye hoteli moja ya West Bay.

Kioko alikanyaga watu miguu, akacheka, akaenda kukaa. Mkewe alibaki na daktari mmoja mrefu, mkono wa yule bwana umetulia kiunoni pake.

Muziki ulipobadilika, wageni walingoja maelekezo. Mkewe hakungoja. Alizunguka, akapita chini ya mkono wa daktari bila kutazama miguu.

“Mkeo hakosi Alhamisi hata moja,” mama wa Kizungu akamsifia.

Alhamisi mkewe huaga kwamba anaingia zamu.

Alirudi akihema. “Mbona umekaa peke yako?”

Kioko alisimama. “Nifundishe za Alhamisi,” akasema.