Sensa Imenikuta Hapa Hapa

Stata ililia, ikalia tena, injini ikakataa kuwaka. Taa ndogo ya njano kwenye dashibodi ikamkodolea macho kinyozi, naye akaikodolea vilevile.

"Sensa," akasema. "Sensa tena."

Mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma na begi mapajani, akashusha pumzi. "Sensa gani hiyo ya kila asubuhi? Wanahesabu watu au wanahesabu nyota?"

"Si ya kuhesabu watu, mama. Ni kidude cha kupeleka habari kwenye injini. Kikifa, gari halijijui kama linazunguka au limelala."

"Basi sensa imenikuta hapa hapa," mama akasema, akateremka polepole na begi lake. "Nihesabuni."

Wazo la kumpeleka akakae kwa dada lilikuwa la kinyozi mwenyewe. Nyumba ilikuwa haikaliki. Mama na mkewe hawakusemezana ila kupitia kwake, utadhani yeye ni dirisha la posta. "Mwambie mkeo redio inanipasua kichwa." "Mwambie mama yako jiko hili lina mwenyewe." Alirudi kutoka kazini miguu imekufa ganzi kwa kusimama, akakuta milango miwili imefungwa na chakula kimepoa. Siku moja uvumilivu ukamwishia, akatangaza safari wakiwa mezani. Mama akasema "sawa". Mkewe akasema "sawa". Kila mmoja alikuwa anatazama sahani yake. Basi neno likawa limetoka, na dada akatandika kitanda. Mama asingeweza kupanda basi na nyonga yake mbovu; ilikuwa gari la marehemu baba, au hakuna safari.

Ukweli ni kwamba hakutaka mama aondoke. Alitaka tu kula kwa amani. Lakini angeanzia wapi sasa kulirudisha neno lake?

Ufundi wa magari hakuwa nao. Mkono wake ulizoea mashine ya kunyolea. Ila mafundi walishamzungusha vya kutosha, kwa hiyo aliazima kipimo cha kusomea hitilafu, akatazama video kwenye simu, akajiinamia mwenyewe chini ya boneti. Kipimo kikasema sensa ya kranki. Akaibadilisha, akaisukuma soketi yake ya waya mpaka ikalia "ta!", gari likawaka, akashangilia peke yake uani. Asubuhi likagoma. Kipimo kikasema sensa ya kamshafti. Akabadilisha na hiyo, jioni gari likanguruma kama la dukani. Asubuhi, stata tupu.

"Mwambie mama yako asivunjike moyo," mkewe alisema, akijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi tii. Siku hizo alijitia bidii ya kudamka kufagia uwanja, na mikono haikumtakata. "Gari litapona. Ataondoka tu."

"Mwambie mkeo asiwe na haraka, begi langu halijafunguliwa," mama alijibu kutoka sebuleni. "Na wewe niletee betri za tochi. Hizi zimekwisha tena."

Kinyozi akaleta betri. Akaleta na sensa nyingine ya mtumba, akaifunga, kisha akaizungushia soketi waya ili isicheze hata kidogo. Gari likawaka, lakini safari hii hakushangilia. Alikaa kwenye kizingiti na grisi yake mpaka kwenye viwiko. Gari la baba lilikuwa linamfia mikononi. Nyumba nayo ilikuwa inamfia vilevile, na kwa hilo hakukuwa na video.

Usingizi ulimkatika kabla hapajapambazuka vizuri. Akaenda jikoni kunywa maji, akaona mwanga mdogo ukitembea huko nje. Akasogeza pazia.

Boneti lilikuwa wazi.

"Inua kidogo, mama," mkewe alisema kwa sauti ya chini, mkono wote umezama kwenye injini. "Ile ya jana kaifunga na waya. Tuhamie hii hapa."

"Legeza taratibu, mwanangu, usije ukaivunja." Mama alikuwa ameegemea bega la mkwewe, tochi mkononi. "Na mchuzi wako wa jana ulikuwa maji matupu."

"Leo utapika wewe, tuone."

Soketi ikalia "ta", ikaachia.

"Tayari, mama. Umeshahesabiwa."