Povu la Farasi

Orpha alishuka kwenye farasi wake, kigingi cha kuwekea kiwanja alama mkono wa kulia, akamkuta mwanamume ameketi kwenye kiwanja alichokikimbilia, anavuta kiko.

"Umechelewa, bibie. Hapa pana mwenyewe. Oklahoma ikishakuwa jimbo, njoo unisalimie, nitakuwa gavana."

Tarumbeta ya mpakani ya kuanzisha mbio za kugombea viwanja vya bure ililia saa sita kamili, na njia nzima Orpha hakupitwa na mtu. Aliyejipenyeza kabla ya tarumbeta hana haki ya ardhi.

"Kwani wewe uliruka kwa mabawa?"

"Muulize farasi wangu huyo! Huoni povu hilo?"

Kweli, farasi wa mwanamume yule, aliyefungwa kando, alitapakaa povu shingo hadi mapajani. Mbona hahemi? Orpha akampapasa kwa mkono wa kushoto, akalamba kidole. Jasho lina chumvi. Hili lilikuwa chungu, tena lilinukia waridi.

"Hii sabuni!"

"Basi kamshitakie afisa wa ardhi. Yule anakuja."

Afisa alimsikiliza Orpha kwa upole mpaka mwisho, akampa mkono. "Tutachunguza, mama. Nenda salama."

Orpha aliunusa mkono wake wa kulia, ambao haukumgusa farasi yule hata kidogo.

Waridi.