“Take” Ishirini na Sita

Walipofika “take” ya kumi na tisa katika kitabu cha Kiingereza, Indumati aliacha kuandika.

“Endelea,” alisema mumewe. “The boy takes after his father. Maana yake, mtoto amefanana na baba.”

Indumati aliiweka penseli juu ya daftari. Aliutazama mlango wa duka, uliofungwa kwa mapumziko ya mchana, na mstari wa jua uliopenya chini yake. Kisha akaishika tena penseli na kuiandika sentensi yote bila kosa.

Rajnikant alijuta kuisoma. Lakini ndivyo kitabu kilivyopangwa, naye hakuwa na nguvu ya kupanga upya kitu chochote. Ilikuwa miezi minane tangu homa imwondoe Bhupendra, mtoto wao wa pekee, akiwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo, katika nyumba ile ya Kariakoo, watu wawili walikula, wakalala, wakaamka, wakafungua duka la vitambaa, wakafunga.

Zamani Indumati alikuwa akimwita Baba Bhupendra. Sasa akimhitaji alisema tu, “Unasikia?” Alisema hivyo akimpa chai. Alisema hivyo mteja akija. Rajnikant hakulalamika. Aliona kwamba mkewe amemchoka, na hakumlaumu. Ni yeye, Rajnikant, aliyesema homa ile ingepoa yenyewe.

Mwezi mmoja nyuma Indumati alikuwa amesema maneno mengi kuliko yote aliyoyasema tangu mazishi.

“Unasikia? Shule ya wasichana kule karibu na Kivukoni inatafuta mwalimu wa kushona. Nataka kwenda. Nikibaki humu ndani nitakauka.”

Kushona alijua kuliko mtu yeyote mtaani. Kilichopungua ni Kiingereza, na mkuu wa shule, mama mmoja Mwingereza, alitaka kila mwombaji aulizwe na ajibu kwa lugha hiyo. Basi Rajnikant, ambaye ujanani alikuwa karani bandarini, alianza na neno aliloamini kuwa ni nusu ya Kiingereza chote. “Take” ni kuchukua, alimwambia. Lakini Mwingereza akinywa chai, ni “take.” Akimeza dawa, akioga, akipanda basi, akipiga picha, akikaa kitini, akifanya mtihani, akivua viatu, kote huko ni “take.”

Josepha, jirani yao Mchaga aliyeuza maharage sokoni, alilisikia somo moja, akacheka mpaka akakalia jora la kitambaa.

“Mama Bhupendra, hawa watu walinyimwa maneno? Neno moja linaoga, linakunywa chai, linapanda basi?”

“Na linavua viatu,” alisema Indumati. Hakuwa anatania. Alikuwa anamkumbusha tu.

Kitabu kilikuwa na “take” ishirini na sita. Alizimaliza zote. Usiku Rajnikant alimsikia akizinong'ona kitandani, upande wake, akiwa amegeukia ukuta. Hakujua kama ni kwa hamu au ni kwa sababu hapakuwa na la kusema jingine. Alichojua ni kwamba kazi ile ndiyo kitu pekee mkewe alichokiomba tangu mazishi, na kwamba yeye alitaka aipate.

Siku ya usaili walikwenda kwa miguu. Rajnikant alisubiri nje, ng'ambo ya barabara, maana wanaume hawakuruhusiwa kupita geti. Haukupita muda mrefu, Indumati akatoka, amejifunika sari kichwani.

“Nimeshindwa,” alisema, na kuanza kutembea.

Angelia, Rajnikant angejua la kufanya. Angekasirika, pia angejua. Lakini alitembea kama mtu aliyetumwa sukari, naye akamfuata bila kuuliza ni “take” ipi iliyompotea. Alifikiri ni ile ya kumi na tisa. Alifikiri pia kwamba hata kitu hiki kimoja hakuweza kumpa.

Alasiri Rajnikant alikuwa nyuma ya duka, nyuma ya pazia, akikunja marikani, Josepha alipoingia na sauti yake.

“Haya, mwalimu wetu, unaanza lini?”

“Sianzi.”

“Kha. Wewe uliyemeza kitabu kizima? Ile teki imekukwama?”

“Hiyo hawakuiuliza,” alisema Indumati. “Waliuliza habari za sindano, za kupima, za kukata. Nikajibu. Yule mama hata alicheka mara moja. Mwishoni akavuta karatasi, akaniuliza swali moja, nikanyamaza. Akalirudia polepole, kama anasema na mtoto. Nikanyamaza. Akaandika kwamba sielewi Kiingereza.”

“Wewe ulilielewa?”

“Nililielewa.”

“Sasa ulinyamaza nini, mama? Kazi umeitaka mwenyewe, umekesha nayo mwezi mzima.”

Nyuma ya pazia, Rajnikant alisimama na kitambaa mikononi.

“Aliniuliza jina la mume wangu.”

“Rajnikant!” Josepha alipiga kofi kaunta. “Hata punda wa mikokoteni hapa sokoni wanalijua.”

“Kwetu mke akilitamka jina la mumewe, anampunguzia siku za kuishi,” alisema Indumati. “Nimeshazika mmoja, Josepha. Huyu ndiye niliyebaki naye.”