Ushindi wa Kwale

Wanyama walipokuwa bado wanaamini mahakama, Kenge alidai kuwa mayai ya Kwale ni yake, na hakimu Fisi akampa ushindi. Kwale hakukubali, akakata rufaa kwa jaji mkuu, Nguchiro.

"Mayai ni kielelezo," akasema Nguchiro. "Yatakaa kwangu mpaka nitoe hukumu."

Kwale akashusha pumzi. Afadhali mikononi mwa sheria kuliko tumboni mwa Kenge!

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, Kwale akakonda akabaki manyoya. Hatimaye jaji akatamka: "Umeshinda. Mayai ni yako." Akamsukumia rundo la maganda matupu.

Nje, Kenge alikuwa akimngoja.

"Pole, dada," akasema, na safari hii hakudanganya. "Mimi ningekubakizia hata moja."