Kopo la Darajani

Asubuhi moja ya kipupwe, halmashauri ya mji iliwachezesha watu mchezo wa kutafuta zawadi. Kopo la zawadi lilifichwa, na mahali pake pakafumbwa kwa shairi:

Mbao zangu zilikwenda, maji yaliponifika,
Nguzo moja imeganda, chini yake nafichika.

Mbaruku hakuhitaji kufikiri. Ni daraja lile lililokatika na mkewe Mashavu akiwa juu yake, maji yakamchukua, baada ya wakubwa kuambiwa mara ngapi kwamba mbao zimeoza. Daraja hawakujenga, shairi wameweza. Alifika wa kwanza, akalifukua kopo, akalikalia.

Diwani akatokea na kundi lake, wanacheka, masweta mapya mwilini.

"Shikamoo, mzee. Hujaona kopo hapa?"

"Wamelihamishia ng'ambo, nimewaona. Vukeni tu."

"Kwa miguu? Maji yote haya?"

"Sisi tunavuka kila siku, mheshimiwa. Au maji yanachagua?"

Kundi likaangua kicheko. Diwani akaona haya, akaanza kukunja suruali. Lakini binti yake alikuwa keshavua viatu.

"Baba mwoga! Natangulia mimi!"

Maji yakampanda magotini, kisha kiunoni. Mbaruku alimtaka diwani, siyo mtoto wa watu. Akainuka na kopo mkononi.

"Rudi, mama! Ninalo mimi! Rudi!"

Mto ulikuwa unanguruma. Binti aligeuka, akamwona mzee anapunga kopo juu, akadhani anamshangilia. Akampungia mkono, akapiga hatua nyingine.